Tonge la Shangazi

"Nani alimwambia Mwishehe atafute basi linalonuka mbuzi? Ajitokeze!"

Chausiku aliuliza hivyo mara mbili, kwa sauti, mbele ya umati uliokusanyika nje ya nyumba ya kaka yake, Tandika, na hakuna aliyejitokeza. Basi lenyewe lilikuwa limeegeshwa barabarani, limefungwa maua ya karatasi kwenye vioo vya pembeni na doti ya kanga mbele ya bodi, na bado linanuka. Siku nyingine kazi yake ilikuwa kuleta mbuzi machinjioni Vingunguti, wengine juu ya keria na wengine, kwa jinsi viti vilivyotafunwa, ndani kabisa pamoja na abiria.

"Dada Chausiku, nimelisugua mwenyewe, sabuni ya unga na maji ya moto," alisema Mwishehe, binamu yao, ambaye kila shughuli ya ukoo lazima ajipe uenyekiti. "Mbona mie sisikii harufu?"

"Mie naishi Vingunguti, Mwishehe. Harufu ya mbuzi ninayo nyumbani kwangu, tena bure. Leo nampeleka bibi harusi Mombasa, nilitaka nipumzike nayo hata usiku mmoja."

"Bei poa lakini."

"Bei poa! Nyie ndio mtakaonizika kwa bei poa."

Mwaka huo, tisini na tatu, mambo yalikuwa ruksa, na kila mwenye bodi na magurudumu manne alijiita kampuni ya usafiri. Yalikuwepo mabasi mazuri tu ya kukodi. Lakini kaka yake Mfaume, baba wa bibi harusi, alikuwa na tabia ya kuokoa shilingi palepale ambapo watu wote wanamwangalia. Chausiku alimtazama pale barazani, na kanzu yake iliyopigwa pasi, anapeana mikono na wageni kama vile basi la mbuzi halimhusu. Hakutaka ugomvi. Siku hii alikuwa ameingojea muda mrefu mno kuiharibia kwa ugomvi.

Ndoa ilikuwa imefungwa jana yake msikitini, bwana harusi akiwakilishwa na ami yake. Kazi iliyobaki ilikuwa kumpeleka Najat kwa mumewe, Suhaib, kwao Majengo, Mombasa. Na katika ukoo wao, mama mzazi hampeleki mwanawe. Mama anaagana na binti chumbani, anamshushia kanga usoni, anabaki ndani, mlango unafungwa. Wanaompeleka ni kungwi wake na shangazi yake. Mama akionekana nyumbani kwa mume siku hiyo, basi tena, upande wa pili watamtungia nyimbo, na nyimbo hizo zitaimbwa mpaka wajukuu wazaliwe.

Shangazi, yeye, ana heshima yake. Bibi harusi akishafunuliwa uso, shangazi anakaa kuliani kwake na kumlisha tonge la kwanza la pilau ya kwa mume. Mama hamlishi, kungwi hamlishi. Chausiku hakujaliwa mtoto, na mwanamke asiye na mtoto katika shughuli za watu huwa anaitwa jikoni kuonja chumvi, basi. Tonge hilo lilikuwa lake. Hakuna wa kumpokonya.

Tena Najat hakuwa mtoto wa kaka kwa jina tu. Tangu darasa la kwanza mpaka la saba alilala kitanda kimoja na Chausiku, Vingunguti, kwa sababu wakati ule mama yake, Mwanabaraka, alikuwa akipoteza mimba moja baada ya nyingine na hana nguvu za kumlea hata huyo aliye hai. Mtoto alipovunja ungo wakaja kumchukua asubuhi moja, asante nyingi, maneno mazuri, na begi lake wakalibeba. Tangu hapo Chausiku na wifi yake waliongea kwa adabu kubwa, adabu ile ya watu wasiosameheana.

Na jioni hii Mwanabaraka alimshushia Najat kanga, akabaki ndani, mlango ukafungwa, hata kulia hakulia! Chausiku alitega sikio mlangoni kabisa. Kimya. Mwanamke gani huyu, anaondokewa na mtoto wake wa pekee na anakaa kimya hivyo? Alipanda basi amekasirika.

Kungwi, Bi Mwanaasha, alikuwa amekwishakaa kiti cha mbele na mwali wake, anatafuna tambuu na kutema kwenye kopo la maziwa ya unga alilolishika mapajani. Bibi huyu alikuwa amewacheza unyago wali wa Temeke nzima, na kwa mila hana mchezo. Mwali hasemeshwi, hasemi, hainui macho. Akitaka maji anambinya kungwi kidole kimoja, akitaka haja anambinya viwili. Najat alikaa hapo amefunikwa kanga mbili, na Chausiku, kiti cha nyuma yake, hakuona hata ncha ya sikio.

"Bibi, mtoto hajambo?" alinong'ona.

"Yakuhusu nini? Kaa kitako, binti."

Chausiku ana miaka hamsini. Akakaa kitako.

Basi likaondoka kwa vigelegele, likazimika taa za Tandika zikiwa bado zinaonekana. Wanaume wakasukuma. Likawaka. Dereva, Fakihi, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu kwenye joto lote lile, akasema ndivyo lilivyo, likishapata moto halina shida. Huku nyuma akina mama wakaanza kuvunja ahadi zao zote. Walikuwa wameambiwa kila mtu begi moja, na sasa mifuko ya dagaa ilikuwa inachomoza chini ya viti, maana nani aende Mombasa bure? Dagaa waende, mabeseni ya plastiki yarudi. Harufu ya dagaa ikakutana na harufu ya mbuzi, na udi wa bibi harusi ukasalimu amri kabla ya Kibaha.

"Jamani, tunapeleka harusi au tunapeleka soko?"

"Wewe nawe Chausiku, kila kitu mdomo!"

Alipozunguka kuhesabu watu, wote wana sare ileile ya kanga, akakuta mmoja amezidi. Akahesabu tena, amezidi. Kiti cha mwisho kabisa, pembeni dirishani, alikaa mwanamke amevaa buibui la kizamani, ukaya umemshuka mpaka kidevuni.

Alimvuta Mwishehe sikio, kwelikweli alimvuta sikio. "Umepakia abiria! Kwenye basi la harusi umepakia abiria!"

"Wallahi sijala hata senti, dada. Mgonjwa yule. Anakwenda kumwona mwanawe. Kaniomba kwa machozi, ningefanyaje?"

"Ungesema hapana! Neno dogo hilo, hata mtoto analijua!"

Lakini gari lilikuwa limekwishakolea mwendo, na Bi Mwanaasha alikuwa amegeuza shingo kuuliza kelele za nini. Chausiku akarudi kwenye kiti chake kilichotafunwa.

Segera walisimama kunywa chai. Fakihi hakunywa. Aliteremka moja kwa moja kwenda kuzungumza na watu wa mbuzi, maana kumbe, na hili Mwishehe hakulisema, mkataba ulikuwa kwamba basi likirudi kutoka Mombasa litapitia hapo na kupakia mbuzi, watu wakiwa ndani.

"Sie tukae wapi?" Chausiku aliuliza.

"Mtakaa tu, mama. Mbuzi hawana makuu."

Akina mama walishuka wote kutafuta choo. Bi Mwanaasha akashuka na mwali, taratibu, kanga zikiburuza. Chausiku akapanda peke yake akaenda mpaka kiti cha mwisho, amekusudia kumshusha mdandiaji, mgonjwa asiwe mgonjwa. Magari ya kurudi Dar yalikuwa yanapita. Taa ya mkahawa iliingia dirishani ikaangukia sakafuni, kwenye miguu ya yule mwanamke.

Miguu ilikuwa imevaa makubadhi mekundu yenye nyuzi za kijani, kisigino cha kushoto kimeshonwa upya kwa kamba ya wavuvi. Chausiku aliyaangalia sana. Aliishona mwenyewe kamba hiyo. Aliyasahau makubadhi hayo kwa kaka yake mwezi wa Mfungo Mosi mwaka uliopita, na alipoyaulizia, wifi yake alikula yamini kwamba hajayaona.

"Wifi," alisema Chausiku. "Viatu vyangu."

Ukaya haukutikisika. Sauti ikatoka ndani yake. "Viatu gani?"

"Hivyo ulivyovaa. Ulivyoapia."

"Nilivikuta juzi," alisema Mwanabaraka. "Chini ya kitanda."

Chausiku alimwinamia usoni. Alikuwa na maneno mengi mno na yote yalitaka kutoka kwa mlango mmoja.

"Una wazimu? Bi Mwanaasha akikuona anageuza gari! Kule Majengo wakikuona watasema wa Dar wamekuja na mama mtu, sijui atalala chumbani na maharusi! Mie ndiye niliyekabidhiwa msafara huu, mie! Hukuweza kukaa na ndoo yako ya machozi nyumbani siku moja? Na mbona hukulia, hebu niambie, mbona hukulia?"

"Nilikuwa natokea dirishani," alisema Mwanabaraka.

Mtume! Chausiku nusura acheke, na hilo likamuudhi zaidi.

"Wanakwenda Maskati," Mwanabaraka aliendelea, polepole, kama mtu anayesoma. "Suhaib amepata kazi. Juma lijalo anaondoka naye. Kaka yako alijua tangu siku ya posa. Kaniambia jana, wifi. Nimekwishapika, hina imekwishakauka mikononi mwa mtoto, ndipo ananiambia. Kasema hakutaka tumharibie shughuli kwa vilio."

Chausiku akajikuta amekaa. Maskati! Alikuwa amepanga kwenda Mombasa kila Idi. Alikuwa amekwishanunua kitambaa cha Idi hii, kipo kabatini. Mfaume alimpigia mahesabu ya kila kitu cha safari hii, ya mchele, ya karafuu, ya nani akae na nani, na siku zote hizo amekaa na neno hilo tumboni. Angekuwa karibu angemtia kibao, kanzu na pasi yake yote.

"Miaka mingapi?" aliuliza.

"Nani ajuaye. Waliokwenda wa mtaani kwetu, umemwona aliyerudi?"

Nje akina mama walikuwa wanaanza kurudi, wanagombania maandazi. Chausiku alisimama akajinyoosha kanga.

"Utashuka Tanga," alisema. "Tunao ndugu Ngamiani. Utalala kwao, kesho unapanda gari la kurudi, na hakuna atakayejua."

"Sishuki."

"Utashuka, Mwanabaraka!"

"Wifi, sitaki kitu. Nimwone tu huyo mwanamke atakayempokea. Nikibaki nyumbani, mwanangu nitamkumbuka siku zote na guo kichwani, kama maiti. Nimwone wanamfunua, nimwone uso, basi."

"Nani huyo huko nyuma?" Bi Mwanaasha aliita kutoka mlangoni.

"Mgonjwa, bibi!" Chausiku alipaza sauti. "Anatapika!"

"Atapikie nje!"

Baada ya Muheza gurudumu lilipasuka. La akiba nalo lilikuwa limepasuka tangu zamani, na Fakihi alilijua hilo vizuri tu. Walikaa kando ya mashamba ya mkonge wanaumwa na mbu, huku Mwishehe akienda kwa baiskeli ya kuazima kutafuta fundi, na Chausiku akasema kila alichokuwa nacho moyoni kuhusu Mwishehe, kuhusu Fakihi, kuhusu ukoo wa Fakihi, na hasa kuhusu Mfaume, ambaye alikuwa amelala Tandika kwenye godoro lake. Akina mama walijikunja wakifukuza mbu. Hawajawahi kumwona amekasirika hivyo, wakadhani ni gurudumu.

Walipoingia Tanga, Chausiku alisimama kwenda kwa dereva kumwambia asimame Ngamiani. Alifika. Fakihi akageuza sikio kumsikiliza. Kando yake Najat alikuwa amelala begani kwa Bi Mwanaasha, na kanga ilikuwa inapanda na kushuka puani kwa pumzi zake, vilevile alivyokuwa akilala Vingunguti shuka limefika usoni, hataki kuambiwa ataishiwa hewa.

"Mama, unasemaje?"

"Nasema mbona unakwenda kama unapeleka maiti? Kanyaga mafuta!"

Akarudi kukaa, amejikasirikia mwenyewe sasa.

Horohoro, mpakani, kulipambazuka. Afisa alisema wanawake wote wafunue nyuso alinganishe na picha, mmoja mmoja, na mwali naye afunue, atafunuliwa pembeni na askari wa kike. Haki yake. Mwanabaraka pasi alikuwa nayo, walikatiwa siku moja na Najat kabla Mfaume hajasema neno la Maskati. Tatizo halikuwa afisa. Tatizo lilikuwa Bi Mwanaasha, aliyesimama kwenye foleni hatua mbili tu kutoka kwake, macho makavu, hajasinzia hata dakika, anamkagua kila mmoja asije akafunua zaidi ya lazima.

Foleni ilisogea. Mwanabaraka akashika ncha ya ukaya. Chausiku akatazama huku na huku, hana pa kukimbilia, kisha akafanya jambo ambalo asingelifanya hata kwa kulipwa. Alijikwaa, makusudi, akalipiga kikumbo kopo la tambuu mkononi mwa kungwi.

Mate mekundu ya usiku kucha yalimwagika juu ya sare ya Bi Mwanaasha kuanzia kiunoni.

Ala! Bi Mwanaasha alipiga ukelele mpaka askari akashika kirungu. Alimgeukia Chausiku akamwanzia mbali, tangu siku alipomcheza yeye mwenyewe mwali, kwamba tangu hapo alikuwa na miguu isiyo na adabu, kwamba si ajabu hili na si ajabu lile, mbele ya Watanzania na mbele ya Wakenya. Na Chausiku, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumkaripia asijibu, alisimama ameinamisha kichwa, anafuta kwa kanga yake mwenyewe, anasema samahani bibi, nisamehe bibi. Kwa pembe ya jicho aliona ukaya unapanda, uso wa wifi yake unatazamwa, ukaya unashuka. Mwanabaraka akavuka.

Huyu mwanamke ataniua, Chausiku aliwaza. Na hata asante hatasema.

Kwenye pantoni ya Likoni mawifi wawili walibanana ukingoni, mbali na wenzao. Adhuhuri ilikuwa imekwishapita, pilau kule Majengo inapoa, na kila basi lililotoka pantoni lilionekana zuri kuliko lao.

"Sikiliza," alisema Chausiku. "Utakaa nyuma ya watu wetu, mlangoni. Ukaya chini. Huimbi, husemi. Wakimfunua, utamwona. Ukilia umetuua. Anayelia pale ni mama tu, hakuna mwingine, kila mtu anajua. Umenisikia?"

"Sitalia. Jana nililia?"

"Na viatu vyangu utanirudishia."

"Nitakurudishia."

Bi Naima, mama wa Suhaib, aliwapokea mlangoni na chetezo mkononi, na wanawake wa nyumba yake wamejaa mpaka kichochoroni wanaimba. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye dhahabu za kutosha, na jambo la kwanza alilofanya ni kupiga chafya. Mbuzi! Mwanamke mmoja wa kwao akaanzisha wimbo palepale juu ya maharusi waliotoka zizini, wenzake wakaitikia, na Chausiku akaapa moyoni kwamba Mwishehe hatarudi Dar mzima.

Viatu vilivuliwa kizingitini, kama kawaida. Bi Mwanaasha akamshusha mwali, akamshika mkono, wakaja polepole, wao wa mwisho. Mwali hainui macho. Anachokiona, siku nzima, ni miguu ya watu na ardhi inayokanyagwa. Chausiku alikuwa mbele yao, ameshafika chumbani, anageuka kumtazama, na ndipo akaona Najat amesimama kizingitini ghafla. Bi Mwanaasha akamvuta. Hakusogea. Kichwa chini ya kanga kilikuwa kimeinamia rundo la viatu, na juu ya rundo, yamewekwa vizuri pamoja, yalikuwepo makubadhi mekundu.

Ya nani hayo, Najat alijua. Mwaka mzima mama yake hakuvaa viatu vingine.

Yarabi, alisema Chausiku kimoyomoyo. Yarabi toba.

Najat akavutwa, akaingia, akakalishwa juu ya mkeka na mito. Wanawake wakakaa kuwazunguka. Sinia la pilau likaletwa likawekwa mbele, linafuka moshi; walikuwa wamepika upya. Nafasi ya kulia kwa bibi harusi ikaachwa wazi. Bi Naima akapiga magoti, akasema Bismillahi, akaondoa kanga ya kwanza, akaondoa ya pili.

Vigelegele vikapasua dari. Mtoto alikuwa mzuri, hina mpaka viwiko, wanja haukuchafuka hata kidogo kwa safari yote ile. Na badala ya kutazama chini kama alivyofundwa, akainua macho. Aliyainua, yakapita juu ya vichwa vya wanawake wote, akitafuta, mpaka mlangoni, na hapo yakatulia.

Chausiku alisikia nyuma yake mtu anavuta pumzi. Pumzi ile aliijua. Aliisikia Temeke hospitalini mara tatu, mara nne, kila walipomwambia wifi yake kwamba mimba hii nayo imetoka. Baada ya pumzi ile huja sauti, na sauti hiyo haiwezi kusikiwa na mtu akasema ni ya jirani.

Hakufikiri. Angefikiri, asingethubutu. Alijitupa mbele ya mkeka, akajipiga kifua, akapasua ukelele uliozima kila kitu chumbani.

"Mwanangu weee! Mwanangu wanampeleka Maskati! Nibaki na nani mie? Mwanangu weee!"

Nyuma mlangoni kitu kikalia pia, kwa muda mfupi, chini ya kelele zake, na hakuna aliyekisikia.

Wanawake wa Majengo wakaangua kicheko.

"Loo! Mamake ati! Wamekuja na mamake!"

"Dari Salama mumetuletea na mama! Naye ni wa kuolewa?"

Wimbo ukazaliwa hapohapo, mtamu, wenye kibwagizo, na mtu akapata tasa la kupigia ngoma. Chausiku alikuwa bado chini. Alitaka kunyamaza, kazi imekwisha, lakini kilio kilichotoka kwa uongo kilikuwa kimefungua njia na cha kweli kikafuata nyuma yake, hakina breki. Aliwaza kitambaa cha Idi, akazidi kulia.

Bi Naima akamtazama Bi Mwanaasha kwa mshangao. "Somo, vipi? Huyu ndiye mama?"

Bi Mwanaasha alifungua mdomo kusema yaliyo kweli, kwa hasira zake zote na madoa ya tambuu kiunoni. Akamtazama Chausiku pale chini. Akamtazama mwali, ambaye macho yake yalikuwa bado mlangoni. Akageuka akatazama mlangoni na yeye. Bibi yule hakuwa mjinga. Alitazama buibui la kizamani kitambo kirefu, mashavu yanatafuna tambuu isiyokuwemo.

"Ndiye," alisema hatimaye. "Hana adabu. Mtoeni nje."

Walimtoa. Hawakumtoa kwa ukali, walimshika mabega wakamchekea, mmoja akampa maji ya ndimu, wakamkalisha barazani na mlango wakaurudisha. Ndivyo ilivyo, mama hakai ndani. Kupitia ubaoni alimsikia Bi Naima akiuliza, "Basi shangazi yuko wapi? Pilau inapoa. Shangazi mtu aje akae."

"Yule kule mlangoni," ilijibu sauti ya Bi Mwanaasha. "Ana haya kidogo. Haya wewe, shangazi, njoo umlishe mtoto."

Mbele ya nyumba basi lilikuwa linanguruma, kwa kuwa Fakihi alikuwa anaogopa kulizima. Alichungulia dirishani na kofia yake ya sufu.

"Mama, mtakawia sana? Kuna mbuzi wananingoja."

"Fakihi," alisema Chausiku, anapenga kamasi kwa ncha ya kanga, "ukinisemesha tena leo, Mungu shahidi, nakuchinja wewe."

Dirisha likafungwa. Rundo la viatu lilikuwa kando yake kizingitini. Aliyachukua makubadhi, akayageuza, akatazama kile kisigino cha kushoto. Kamba bado imara. Alitaka kuyavaa. Wifi yake atatokaje, peku? Akayarudisha mahali pake, akayaelekeza vidole nje ili yawe rahisi kuvaa, na jambo hilo likamuudhi kuliko yote ya safari nzima.

Ndani wakanyamaza. Ni pale ambapo tonge linafinyangwa, na bibi harusi anatakiwa aombe kulishwa, neno la kwanza analotamka nyumbani kwa mume. Sauti ya Najat ilisikika, ndogo, imekwaruza kwa kukaa kimya usiku na mchana.

"Shangazi," alisema. "Nilishe."

Chausiku alikuwa ameshainuka, mkono uko kwenye kitasa, ndipo akakumbuka. Akarudi kukaa.